Mstari wa Babu Darajani

Ijumaa, Julai 3
Mvua imenyesha huko juu usiku kucha. Maji yamebakiza kiganja kimoja tu kufika mstari mwekundu aliouchora marehemu babu kwenye nguzo ya daraja. Yakiugusa, hakuna boya la kukodisha watalii linaloingia mtoni, langu wala la Wanda Pruitt wa ng'ambo. Hapa kwetu habishi mtu.

Na kesho sikukuu ya Uhuru wa Marekani! Watalii watamiminika. Wanda ana pai na aiskrimu pia, mto ukifungwa yeye anauza tu. Mimi nina maboya tu. Amenipigia kelele kutoka ng'ambo kwamba pole jirani, njoo uoshe vyombo. Nyoo!

Nina kopo la rangi nyekundu. Nina na la kijivu, rangi ya nguzo.

Jumamosi, Julai 4, asubuhi
Nimemaliza alfajiri, ukungu ukinificha. Mstari wa babu nimeufunika kwa kijivu. Mpya nimeuchora shubiri mbili juu. Nilichora haraka, umekaa upande. Maji yameshapita pale pa babu, yanabeba magogo.

Kumbe nilimsahau shangazi Orpha! Kila mwaka yeye ndiye wa kwanza kushuka mto kwa boya, na bendera yake. Nimemsihi asiingie, miaka themanini na moja si mchezo. Akanijibu umri wake anaujua, na baba yake hakuchora mstari ule kupamba daraja, maji hayajaugusa. Nikafungua mdomo niseme ukweli. Wanda alikuwa amevuka daraja, amesimama pale pale. Nikaufunga.

Jumamosi, jioni
Niko hai. Sijui kwa nini.

Shangazi alipotelea konani. Kisha nikasikia gogo likivunjika, kraa! Nikarukia mtumbwi, nikamfuata nikilia shangazi, shangazi! Mtumbwi ukapinduka. Nikakumbatia mzizi, maji yananiingia puani, nikatubu dhambi zote, hata ya kuku wa Wanda.

Mti wa bendera ukanichoma ubavuni. Shangazi! Alikuwa ameuona mto umechafuka, akatoka mapema kwenye ukingo wa changarawe. Akanivuta. Akaona rangi nyekundu kwenye kiwiko changu.

Hakunipiga. Akasema, wewe Delmer, kwa mstari wa baba yangu ungeniua mimi? Akalia. Sijawahi kumwona akilia. Nilitamani nirudi majini. Watalii, Mungu mkubwa, walikuwa bado hawajaingia, akawarudisha wote. Mimi nikaamriwa niurudishe mstari pale pale ulipokuwa.

Jumanne, Julai 7
Maji yamepungua. Nimeufuta mstari wangu, nikakwangua kijivu taratibu. Nyekundu ya babu ikabanduka nacho, yote. Nguzo tupu!

Babu aliuchora wapi hasa? Kumuuliza shangazi siwezi. Nimekadiria. Kwa usalama nikaweka alama chini kidogo. Halafu nikatazama ng'ambo, foleni ya aiskrimu imefika barabarani, Wanda ananipungia mwiko. Nikaipandisha alama upana wa kidole kimoja. Haya, viwili.

Shangazi amekuja, ameupapasa mstari kwa kiganja, akasema sasa roho yake imetulia. Jumamosi ataingia wa kwanza tena, watu warudishe imani. Ameninunulia pai.

Huko juu wingu limefunga, jeusi. Lakini vidole viwili ni nini? Rangi ya kijivu nimeificha bandani, bado ipo nusu kopo.