Birika la Hekaluni

Leo nimeaibika, tena mbele ya mataifa. Kaeni niwasimulie mwenyewe kabla picha hazijawafikia.

Mnajua kampuni imenileta Japani wiki mbili kujifunza mashine za kusokota kamba. Siku naondoka kwetu Nguvumali, mama alinishika mkono. "Bakari, huko ukisahau kunipigia simu nitakusamehe. Ukiacha swala, usinirudie hapa." Nikaapa. (Najua, msafiri ana ruhusa zake. Kamwambieni mama, mimi nimeshindwa.)

Siku kumi sijapitwa hata na swala moja. Leo ilikuwa mapumziko, nikaenda kutembezwa hekalu la kale, mimi na watalii wa Kizungu wanane. Kiongozi wetu ni Yumi, dada wa Kijapani aliyewahi kufundisha hesabu Muheza. Kiswahili anacho mpaka cha kugombana.

Tunashuka tu kwenye basi, adhuhuri imeingia. Hapo tuna muda mfupi, na tukitoka ni safari ndefu mpaka jioni. Yumi kaenda dirishani kukata tiketi. Maji ya udhu nitayapata wapi?

Mara nikaliona! Kabla ya lango, birika la jiwe, maji yanatiririka, na juu yake kata za mianzi zimepangwa vizuri. Birika na kata, kama msikitini kwetu! Nilitaka kulia. Nikasema, Wajapani hawa wamenifikiria.

Nikavua viatu, kisha soksi. (Soksi ya kushoto ina tundu, dole gumba lilitoka kusalimia watu.) Nikatia nia. Nikaosha viganja, nikasukutua, pua, uso, mikono mpaka viwikoni. Nikapaka kichwa maji, na masikio. Watu wakawa kimya, nami nikadhani ni heshima. Nikapandisha mguu wa kulia ukingoni, nikaumwagia maji kata tatu. Nikaja na wa kushoto.

Nikageuka. Lahaula! Wazungu wote wanane wamepanga foleni nyuma yangu, viatu mkononi, suruali zimekunjwa mpaka magotini. Bibi mmoja mwenye mvi tayari anasukutua. Wawili wameshatia miguu. Wamedhani mimi ndiye ninayejua!

"Kaka Bakari!" Yumi huyo, anakuja mbio na tiketi zake. "Miguu hapana! Hapa watu wananawa mikono na kinywa tu!"

"Mbona wameweka kata?"

"Kata za mikono, kaka! Weee!"

Nyuma yake anakuja mzee mtunza hekalu na fagio. Nikamwambia, "Shikamoo." (Woga huo.) Yumi akainama kuomba radhi. Nikainama. Wazungu wakainama, peku vilevile. Umati unapiga picha.

Mzee akanitazama masikio yanavyodondosha maji. Akacheka mpaka akaegemea fagio lake.

"Anasema wageni wengi hulowesha vidole viwili, wakapiga picha wakaenda," Yumi akanitafsiria. "Wewe umeosha mpaka nyuma ya masikio. Anauliza, unajitayarishia nini?"

"Kuswali. Nimemwahidi mama."

Mzee akauliza tena. "Anasema, mama yako yuko hai?"

"Yuko hai, tena mkali."

Mzee akatikisa kichwa kama anayemjua. Kisha akaingia ndani, akatoka na brashi. Tukalisugua lile birika, mimi na wafuasi wangu, mpaka likang'aa kuliko tulivyolikuta. Hapo ndipo akanifungulia chumba cha nyuma, mkeka wake msafi kuliko shuka zangu. Yumi akanitafutia kibla kwenye simu. Nikaswali kwa raha zangu, na wote wanane wakanisubiri kwenye basi bila hata mmoja kununa.

Nimempigia mama, nimemweleza yote, hata tundu la soksi.

"Adhuhuri uliipata?"

"Niliipata, mama."

"Basi waache wacheke, mwanangu."

Kwa hiyo chekeni, ruhusa mmepewa. Ila mkikutana na Mzungu anayeapa kwamba Japani huingii hekaluni mpaka uoshe miguu, msimsahihishe. Huyo ni maamuma wangu.