Bafu la Kushonea Nguo

Injinia, ambaye uinjinia wake ulianza siku aliyonunua kofia ya plastiki, alipita uchochoroni asubuhi akakuta dirisha la bafu liko wazi. Ndani palikuwa na hodhi la kuogea la shaba, jekundu, la kumtoa mtu udenda. Alikwenda mbio kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akaweka rehani pikipiki yake, mali pekee aliyokuwa nayo duniani, apewe mkokoteni na wabebaji wanne. Shaba isipofika jioni, pikipiki imekwenda.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mshonaji, cherehani yake iko chumba kinachopakana na bafu.

"Shikamoo, bibi. Ukuta huu unakuibia. Siku hizi wenye akili wanaunganisha bafu na chumba cha kushonea. Mtu akioga, mvuke wa maji moto unanyoosha nguo. Pasi ya nini tena?"

Bibi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Marahaba, mjukuu wangu. Na hili hodhi?"

"Hilo takataka tu, linajaza nafasi bure. Kazi nakufanyia bila malipo, na takataka nakutupia."

"Mungu akubariki. Basi anza na ukuta. Hodhi utalichukua ukimaliza."

Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Injinia aliinama mpaka kiuno kikalia. Yeye aliyewahi kushika nyundo kwa kupigwa picha tu alibomoa ukuta, akazoa kifusi, akapiga plasta, na kwa kuwa bibi aliomba kwa upole, akazibua na mtaro. Viganja vilijaa malengelenge. Kila alipokata tamaa alilitazama hodhi, roho ikamtulia.

Jioni wabebaji walilitoa kwa kuguna. Uzito wake ulimfurahisha mno.

Mnunuzi alilikwaruza kwa msumari. Chini ya wekundu, saruji. Akakwaruza pengine, saruji. Akatia ufunguo wa pikipiki mfukoni.

Injinia alirudi kwa miguu. Alimkuta bibi anashona kwenye chumba chake kipya, amejinafasi.

"Bibi, lile hodhi ni saruji iliyopakwa rangi."

"Naam. Marehemu mume wangu alilitengeneza mwenyewe. Mafundi watatu wamekataa kulibeba."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Bibi alikata uzi kwa meno. "Ulisema ni takataka, mjukuu wangu. Nikasema huyu mtaalamu, anajua."