Nafasi ya Vidole Vinne

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Makumbusho,

YAH: KIBAO CHA WALE WAWILI WA JIWE

Baada ya kukutakia afya njema, naomba radhi kwa kukuchukulia muda. Mimi ni fundi cherehani mstaafu, mgane wa mwaka wa tatu sasa. Kila Jumatano hukaa mbele ya lile jiwe la kale lenye mwanamume na mwanamke waliochongwa wamesimama, ambao mvua na upepo vimekula nyuso zao. Kibao chake kinasema: "Mume na mke waliopendana." Kwa masikitiko, nalazimika kupinga:

1. Kati ya mabega yao pana nafasi ya vidole vinne. Nimeipima kwa tepu yangu, bila kugusa jiwe. Nimepima maharusi miaka hamsini, sijaona wapendanao wakiachiana nafasi ya kupitisha sahani.

2. Wote wawili wanatazama mbele. Marehemu mke wangu hakuniruhusu nitoke nyumbani kabla hajanikagua kola. Huyu bwana amesimama karne nyingi na hakuna aliyemgeukia.

3. Kibao kinaongeza kwamba mkono wa bwana unamwelekea bibi. Mkono huo umekatika kwenye kiwiko. Huenda alikuwa anamwonyesha mlango.

4. Wanafunzi huletwa hapo wajifunze. Juzi binti mmoja alimwambia mwenzake, "Kumbe kuolewa ni kusimama tu!" Tukienda hivi, baada ya kizazi kimoja hapatakuwa na harusi, wala nguo za harusi, wala fundi wa kuzishona.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu kibao kisomeke: "Watu wawili wanaofahamiana." Ikishindikana, watenganishwe: bwana apelekwe ukumbi wa silaha, bibi apumzike.

Mlinzi wa ukumbi, mama mmoja mcheshi, aliniuliza, "Mzee wangu, hawa wamekukosea nini? Kwani wewe na mama mlisimamaje?" Nilimjibu papo hapo: bega kwa bega. Ili kumaliza ubishi, naambatanisha picha ya harusi yetu. Sijaitazama tangu msiba, lakini naikumbuka vizuri.

Nisalimie wote hapo: wa tiketi, wa usafi, na huyo mama mlinzi, ambaye sina kinyongo naye.

Nabaki, kwa heshima na samahani nyingi,
Mzee wa benchi la Jumatano

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nimeitoa picha sandukuni. Nimekadiria nafasi kati ya mabega yetu kwa upana wa koti langu, ambalo nililishona mwenyewe. Vidole vinne. Sote tunatazama mbele, na unyevu umekula mkono wangu kuanzia kwenye kiwiko. Nimekumbuka mpiga picha alivyotusihi tusogeleane, na mke wangu akamjibu, "Mbona tumeshasogeleana?"

Tafadhali kibao kibaki kama kilivyo. Picha siiambatanishi tena. Jumatano nitakuja nayo, wale wawili waione.