Siku Emrys Pugh Alipolikazia Macho Zulia

Sogeza kiti, ewe msomaji, uache chai ipoe, maana haya nitakayoyasimulia hayajapata kutokea tangu milima ya Wales ianze kunyeshewa, nayo ilianza zamani. Namtukuza Emrys mwana wa Pugh, mwenye mabega ya kabati, nguzo ya timu ya raga ya bonde letu, ambaye mbele yake vijana wa mabonde saba walianguka kama nguo zilizokatikiwa na kamba, na ambaye alikuwa akiogopa zulia.

Zulia lenyewe halikuwa la kukanyagwa. Miaka sitini iliyopita, runinga ikiwa haijapata rangi, palikuwa na mchezo wa mfululizo ulioitwa Walinzi wa Nyota ya Saba, wa watu waliosafiri angani ndani ya chombo ambacho kuta zake zilitikisika mtu akipiga chafya. Humo ndimo alimotokea Gorvath, Mla Sayari, mwili wake zulia la sebuleni, kichwa chake chujio la viazi. Emrys alimwona mara ya kwanza nyumbani kwa bibi yake, kwenye marudio, akiwa na miaka mitano. Walimtafuta mchana kutwa, wakamkuta kwenye kibanda cha makaa, hatambulikani ila kwa kilio.

Sasa ana miaka kumi na saba, na anasoma somo la filamu na utangazaji katika chuo ninachopiga deki, kwa kuwa moyo wake wote uko katika kukata na kuunganisha picha. Mechi zote za bondeni ameziunganisha yeye, na harusi ya mjomba wake aliiunganisha vizuri hata bwana harusi akalia kana kwamba hakuwapo. Na majaaliwa, yasiyo na huruma kwa wenye mabega, yakamwekea Gorvath kwenye mtaala.

Kazi ilikuwa kuhesabu mikato, yaani kila mahali picha moja inapokoma na nyingine kuanza, katika dakika nne za kutokea kwa yule dubwana. Kama ilivyo siku ya mtihani, kipande huonyeshwa mara nne tu. Katika majaribio mawili Emrys alikuwa ameleta hesabu ya kubuni, maana muda wote alitazama viatu vyake. Mwalimu Prosser, mwanamke mpole mwenye macho ya mlinda mpaka, akamwambia jaribio la tatu ndilo la mwisho: akikosa, Jumatatu anahamia darasa la biashara, na picha ataziunganisha akiwa amestaafu.

Ikawadia Alhamisi. Mapazia yakavutwa. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo yangu, kwa kuwa sakafu ya pale ilikuwa imechafuka ghafla.

Mara ya kwanza kope za shujaa zilianguka kama mlango wa gereji. Mara ya pili alifungua jicho moja, likaona ncha ya zulia, likarudi ndani. Lowri Beddoe, jirani yake wa dawati, mwenye ulimi wa wembe, akamwinamia.

"Emrys, ni zulia, bwana. Mama yangu analo kama hilo sebuleni."

"La mama yako halinifuati."

"Subiri uingie na viatu vyako vya matope."

Mara ya tatu alishika dawati kwa mikono miwili, dawati likaguna, akafika hadi ukungu wa kumtangulia Gorvath ulipoanza kufuka kwenye picha, kisha akatoweka chini ya koti lake. Ikabaki mara moja tu. Ndipo aliposimama, akahutubia.

"Mwalimu, nanyi wenzangu. Nimelaliwa na majitu manane kwenye matope nikatoka na mpira. Sitashindwa na chombo cha jikoni. Weka." Akafikiri kidogo. "Ila taa ya nyuma iwashwe."

Niliiwasha mimi, historia isije ikanisahau.

Gorvath akatoka. Mlango ukatetemeka, ukuta ukatetemeka, Emrys akatetemeka, lakini macho yake yalikuwa wazi kama sahani. Chujio lilipogeuka, darasa zima likacheka, kama kila darasa linavyocheka hapo. Emrys hakucheka wala hakupepesa. Machozi yalimtiririka, na kidole chake kilikuwa kikigonga mezani, mkato kwa mkato.

Majibu yakasomwa. Lowri, kumi na tatu. Wengine wote, kumi na tatu. Emrys, kumi na nne.

Mwalimu akatazama karatasi yake ya majibu, aliyoiandika kwa wino mwekundu miaka tisa nyuma. Kumi na tatu. Kalamu ikaanza kuelekea jina la Pugh.

"Nasikitika, Emrys."

"Ni kumi na nne, Mwalimu. Chujio likigeuka pana mkato. Mkono wa kushoto uko juu, halafu uko chini, na haujashuka."

"Umeuonaje, wewe?"

"Nilikuwa nautazama huo tu. Ndio ungenishika."

Mwalimu akairudisha picha, akaipeleka polepole kama konokono. Mkono juu. Mkono chini. Katikati, hakuna kitu. Miaka tisa, wanafunzi mia mbili na mwalimu wao walikuwa wakicheka mahali hapo, na hakuna aliyekuwa akitazama.

Mwalimu Prosser akafuta, akaandika upya, akamwambia Jumatatu asichelewe kwenye kiti chake. Lowri akanakili jibu la Emrys, jambo ambalo nalo halijapata kutokea.

Basi andikeni, enyi mnaotunza kumbukumbu za mataifa: Alhamisi, saa tano na robo asubuhi, mvua ikinyesha, Kumi na Tatu ilipinduliwa baada ya kutawala miaka tisa, na Kumi na Nne ikaketi mahali pake.