Punje ya Chuma Iliyodaiwa Kula Kaboni Kupita Kiasi

Mheshimiwa Mkuu wa Maabara,

Salamu nyingi na pole kwa kazi. Mimi ndiye sonara wa duka la kona, jirani na saluni, yule uliyemletea pete ya mkeo yenye jiwe la buluu, kisha ukaisifu mpaka nikaona haya. Leo lakini sikuandikii habari za pete. Nakuandikia kama shangazi yake Chiriku, binti wa marehemu kaka yangu, anayefanya kazi chini yako kwenye ile mashine ya kukandamiza na kuyeyusha. Jina la Chiriku tulimpa sisi kwa sababu ya mdomo wake. Tangu Jumatatu ulipomwandikia barua ya onyo na kumkataza kuigusa mashine, mdomo huo umefungwa. Anakula kimya, anaosha vyombo kimya. Nyumba imekuwa kama iliyohamwa, nami siwezi kuvumilia. Hivyo basi, kwa heshima zote, naleta malalamiko yangu.

1. Kwamba umemwita mchafu. Najua barua yako haikutumia neno hilo. Ilisema sampuli "imeingiliwa na kaboni ya kutoka nje," lakini sisi tuliolelewa na akina mama wa maneno ya pembeni tunaelewa. Mtoto huyu nimemlea mimi. Kwangu glasi isiyong'aa hairudi kabatini, na mtu mwenye kidole cha mafuta harudi mezani.

2. Kwamba mmeshangazwa na jambo lisiloshangaza. Chiriku amenifundisha haya mezani, tukiwa na mchuzi mbele yetu. Sayari ikiwa changa, anasema, huwa imeyeyuka yote, mwamba na chuma, bahari moja ya moto. Chuma ni kizito, kwa hiyo kinazama kwenda kuwa kiini, na kikipita kwenye ule mwamba ulioyeyuka kinazoa kaboni njiani. Iliyobaki juu ndiyo iliyokuja kuwa miti, mkaa, mimi na wewe. Kazi yenu ni kupika sayari ndogo kuliko punje ya mchele, kuipoza ghafla, kisha kupima chuma kimechukua kaboni kiasi gani na mwamba umeachiwa kiasi gani. Mimi nilielewa papo hapo, maana nina shemeji. Bakuli la nyama likishapita mbele ya shemeji, sisi wa upande wa pili tunapokea mchuzi. Sasa punje ya Chiriku imeonyesha chuma kimebeba kaboni nyingi ajabu, nanyi mnasema haiwezekani, hakuna chuma chenye tumbo hilo. Mheshimiwa, njoo ule kwetu Jumapili.

(Ameniambia pia kwamba masizi, risasi ya penseli na almasi vyote ni kaboni ileile iliyobadilisha nguo. Hapo kwenye almasi nilicheka sana. Nimeshika almasi tangu ujana wangu na haijawahi kunichafua kidole. Usomi nao una utani wake.)

3. Kwamba hamkuuliza habari za mama mkwe. Chiriku anasema chuma kikichanganyika na salfa nyingi, hamu yake ya kaboni hupungua, na kaboni husukumwa ibaki kwenye mwamba. Hili nalo kwetu si geni. Mama mkwe akiketi mezani, shemeji huchukua kipande kimoja na kutangaza kwamba ameshiba. Je, ndani ya punje ile kulikuwa na salfa? Haikuwamo. Mama mkwe hayupo, bakuli limejaa, halafu mnataka chuma kiwe na adabu?

4. Kwamba kiti chake pale kwenye mashine kimekaliwa na mtu mwingine. Hili sina la kuliongezea. Linaniuma tu.

5. Kwamba mmemwadhibu shahidi mkamwacha mtuhumiwa. Aliyebeba kaboni ni chuma. Barua ya onyo ilipaswa kwenda kwa chuma. Ila mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: chuma cha kwenye punje ni kidogo cha kuonewa huruma, tena kimefuata tu tabia ya mkubwa wake. Kwa hiyo tuanze na huyo mkubwa. Naomba kiini cha dunia kiitwe mbele ya kamati, kieleze kaboni yetu kiliichukua kwa idhini ya nani na kitairudisha lini. Kikikaidi, kisimamishwe kazi kama Chiriku. Nimeambiwa kiini kikisimama, dira zote zitapotea mwelekeo. Na zipotee. Manahodha wataulizana njia kama sisi wengine.

Ikiwa kiini ni vigumu kukipata kwa wiki hii, nitaridhika na haya: ufute onyo, umrudishe kwenye mashine, na umwambie mbele ya wenzake, wakati wa chai, kwamba mikono yake ni safi. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Baba yake alikuwa mhunzi, na alifariki akiamini kwamba binti yake atakijua chuma kuliko yeye. Sitaki mtoto huyo aaminishwe kwamba hajui kunawa.

Nisalimie mkeo, mlinzi wa getini, wote wanaokunywa chai hapo, na mashine yenyewe.

Ni mimi ninayengoja jibu lako dukani, mlango uko wazi,

Shangazi yake Chiriku,
Sonara wa Kona

Tanbihi: Usije ukadhani punje ile ilifika kwenye kipimo ikiwa na uchafu wowote. Ushahidi ninao. Ijumaa Chiriku alikuja nayo nyumbani, imegandishwa kwenye kidonge chake cha plastiki, anionyeshe kwa fahari kabla ya kuipima. Niliikuta ina mikwaruzo, maana mnawapa watoto unga hafifu wa kung'arishia. Nikaona haya kwa niaba ya ukoo mzima. Alipoingia kuoga nikaisugua mwenyewe, kwa unga wangu bora kabisa, ule wa almasi tupu ulioling'arisha jiwe la mkeo. Nilisugua mpaka unga ukaingia kwenye kila ufa. Yeye mpaka leo hajui, nilitaka iwe zawadi. Ile nusu nyingine ya punje, maana mliikata vipande viwili, anasema iko bado kwenye droo yako, haijaguswa na mtu tangu itoke kwenye mashine. Mkitaka kuipima nayo, msiipime ikiwa chafu hivyo. Niiteni nije na kopo langu, sitawatoza kitu.