Kinundu Changu na Maneno Yanayoishia na "Oma"

Nilitoka ndani ya sauna, bafu la mvuke la mtaa wetu hapa Tampere, Ufini, taulo kiunoni, habari mbaya mdomoni. Kwenye benchi la nje tunapopozea miili walikuwepo wawili: Ensio, mwalimu mstaafu wa michezo, tunamwita Profesa kwa vile hajawahi kukosa jibu, na Veikko fundi bomba, jina lake Spika, maana hanyamazi. Mimi Raimo wananiita Chuma. Ni kejeli, mtaona.

"Jamani, daktari kanipigia. Kile kinundu cha begani ni uvimbe."

Spika akaacha kutafuna soseji yake nyeusi. "Uvimbe gani?"

"Sijui. Alivyotaja uvimbe tu, masikio yakaziba. Mwishoni nikasikia kitu kama 'oma'."

Profesa akavua kofia yake ya sufu. "Pole sana, Chuma. Chochote kinachoishia na oma ni saratani."

"Acha fiksi!" Spika akaruka, taulo nusura limwache. "Mimi nilipojigonga na nyundo waliniambia hematoma. Damu imevilia tu, na kidole hiki hapa!"

"Hiyo tofauti."

"Tofauti nini? Na Roma je? Mke wangu kaenda Roma, karudi na viatu!"

Mimi hapo nishaanza kupanga mazishi. Nikamwomba Spika asiimbe siku hiyo, atanikimbizia waombolezaji.

"Mpigie nesi wa kliniki, bwege wewe!" Spika akafoka.

Nikapiga, sauti nikaiweka juu wote wasikie. Nesi akaongea polepole, kama anamlisha mtoto uji.

"Raimo, uvimbe si lazima uwe saratani. Kuna unaokaa palepale ulipoota, hauvamii wala hausambai. Saratani ndiyo inayovamia jirani na kuweza kuhamia sehemu nyingine za mwili. Wewe una lipoma. Ni mafuta tu chini ya ngozi. Ukianza kukua haraka au kuuma, njoo."

"Mafuta?"

"Mafuta."

Spika akacheka hadi akakaa kwenye theluji. "Chuma! Anataka kufa kwa kitambi cha bega!"

Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. Ila Profesa hakucheka. Akainamia simu.

"Samahani, dada... na alama nyeusi mgongoni? Inakua. Tangu kiangazi."

Spika akainuka kutoka kwenye theluji.

"Kesho asubuhi uje," nesi akasema. "Usiahirishe."

Kesho yake tukampeleka kliniki sote wawili. Mapokezi, mhudumu akatutazama mmoja mmoja, akanishika mkono mimi. "Kaa chini, baba, usianguke. Mgonjwa ni wewe, eh?"

"Ni mimi!" Profesa akafoka, akaingia ndani mgongo umenyooka.

Tulimngoja, Spika anatafuna kucha, mimi natafuna za kwangu. Mlango ukafunguliwa. Profesa katoka uso mwekundu, shati kalifunga vifungo upande.

"Wamesemaje?" tukaruka.

"Si saratani."

Tukamkumbatia. Akatusukuma.

"Niacheni! Miaka yote ninavyokimbia vile, daktari kijana kashindwa hata kunitafutia jina la Kilatini. Kaniambia, 'Mzee, hii ni alama ya uzee.'"