Vita vya Kiti cha Kati, Safu ya Saba

Tegeni masikio, enyi nyote mliowahi kukata tikiti, niwasimulie vita vilivyopiganwa katika jumba la sinema ambamo viti havina namba, na sheria ni moja tu tangu enzi za mababu: kiti ni cha aliyekikalia.

Taa zilikuwa zimeanza kufifia alipozuka mgeni asiyetazamiwa, pande la mtu, ndoo ya bisi kifuani kama ngao. Akayapasua magoti ya safu ya saba mpaka katikati, akasimama mbele ya kiti kilichokaliwa na sweta. Kando ya sweta hiyo aliketi shujaa wetu, Fundi Saa, simba wa subira, mshika koleo ndogo kuliko koleo zote. Alikuwa amemwahidi dada yake mkunga: "Njoo wakati wowote, dada. Kiti cha kati utakikuta." Kwani dada huyo akikaa mbele hushikwa na kizunguzungu, akikaa nyuma haoni kitu, na mwaka mzima, kila alipopanga kwenda sinema, mtoto fulani aliamua kuzaliwa.

"Kaka, hapa pana mtu?" akanguruma Pande la Mtu.

"Pana."

"Mbona naona sweta?"

"Ewe mwenye bisi! Sweta hii ni bendera! Kwayo nimewarudisha watu kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa mwalimu wangu wa hesabu!"

"Bendera haina makalio, ndugu yangu. Mimi ninayo."

"Kaeni chini nyie!" majeshi ya nyuma yakapaza sauti. "Tumekuja kuona sinema, si migongo!"

Ndipo akafika mama wa tochi, mwonyesha viti, hakimu wa giza. Akaimulika sweta, akammulika Fundi.

"Mwanangu, sheria unaijua. Mtu mmoja, kiti kimoja."

Sweta ikashushwa. Pande la Mtu akatua, kiti kikapiga yowe. Ngome ikawa imeanguka.

Sinema haijafika mbali, mlango ukafunguka. Mkunga akaingia, bado na viatu vya wodini, akipapasa safu hadi ya saba.

"Walikuwa mapacha," akanong'ona. "Kiti kimeshachukuliwa, eh?"

Fundi Saa akainuka kama mnara.

"Kichukuliwe na nani? Hiki hapa. Nimekupashia moto."

"Na wewe je?"

"Changu kiko mbele."

Na kweli kilikuwa mbele: safu ya kwanza, chini kabisa ya skrini, kiti pekee kilichobaki, springi nje. Kwa saa mbili shujaa alitazama juu kama kuku anywaye maji, asione ila matundu ya pua za watu wakubwa. Lakini kila kicheko cha dada yake kilipopaa juu ya vicheko vyote, aligeuka. Akamwona pale katikati, mkono umezama ndani ya ndoo ya Pande la Mtu.

Shingo ya Fundi haikunyooka hadi Jumatano. Waandishi wa historia na waandike, kwa wino usiofutika: siku ile, dada alikuta kiti.